Namna ya Kuwafuatilia Wenye Maduka na Mafundi wa Zamani wa Mtaa Mmoja wa Mombasa

Anayetaka kuandika habari za wenye maduka na mafundi wa zamani wa Mombasa mara nyingi hujitwika mji mzima kwa mpigo: Mji wa Kale, Marikiti, Mwembe Tayari na Majengo kwa pamoja. Baada ya muda hubaki na daftari lililojaa majina yasiyo na milango na milango isiyo na majina. Mwongozo huu unapendekeza njia nyembamba zaidi. Chagua mtaa mmoja, au hata kipande cha mtaa kutoka kona hadi kona, uchague pia kipindi kisichozidi miaka 30, kisha uulize swali moja tu kwa kila mlango: hapa nani alifanya kazi gani, na tangu lini hadi lini? Ukishapata majibu ya milango 20, hata yakiwa na mapengo, utakuwa umeujua mtaa huo kuliko mtu aliyesoma historia ya pwani nzima bila kusimama mbele ya duka hata moja.

Walivyofanya watu wa Norfolk

Desturi ya kumfuata mwenye duka mmoja mmoja imekita mizizi miongoni mwa waandishi wa historia za kaunti za Uingereza, na ni vyema kuitazama kabla ya kuanza, kwa sababu inatuonyesha nyenzo zipi hufaa na jinsi nyenzo hizo zinavyoweza kumpoteza anayeziamini kupita kiasi. Katika karne ya 19 wachapishaji kama Pigot, White na Kelly walitoa vitabu vya orodha vya kaunti mbalimbali. William White, kwa mfano, aliitolea kaunti ya Norfolk kitabu cha aina hiyo mwaka 1836 na kingine mwaka 1845. Humo kila kijiji kina sehemu yake: baada ya kasisi na mabwana wenye ardhi wanafuata mhunzi, fundi wa magurudumu, mshona viatu, msaga nafaka, mwenye duka la vyakula na nguo, na mwenye kilabu cha pombe, kila mmoja kwa jina lake. Ukivilinganisha vitabu vya miaka tofauti, unamwona mhunzi akitoweka na mwanawe akishika nyundo, au mjane wa mwenye duka akiendelea na biashara kwa jina lake mwenyewe.

Orodha hizo hazisimami peke yake. Uingereza ilianza kuhesabu watu kila baada ya miaka 10 mwaka 1801, na kuanzia 1841 karatasi za sensa zinazosomwa leo zinataja watu kwa majina na kazi zao, ingawa kila sensa hufungwa kwa miaka 100 kabla ya kufunguliwa kwa umma. Kuna pia kumbukumbu za wanagenzi, yaani wanaojifunza ufundi kwa bwana. Sheria ya mwaka 1563 ilimtaka mtu atumikie uanagenzi wa miaka 7 kabla ya kujitegemea katika ufundi, na sharti hilo lilidumu hadi 1814. Kodi iliyotozwa kwenye mikataba ya uanagenzi tangu 1710 ikaacha madaftari yenye majina ya mabwana na wanagenzi wao. Wengine wameacha alama iliyo ndogo zaidi, nayo ni sarafu. Kati ya 1648 na 1672, fedha ndogo zilipoadimika, wenye maduka wa miji ya kaunti walijitengenezea sarafu zao wenyewe, wakazichapa jina, mji na mara nyingi alama ya kazi au ya duka. Sisi tuna sarafu za 1888 zenye jina la Mombasa, lakini hizo zilitolewa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, si na mwenye duka yeyote, na kwa hiyo hazituambii lolote kuhusu mtu binafsi.

Kasoro za vitabu vya orodha zinatuhusu moja kwa moja. Kwanza, viliandikwa kwa ajili ya wanunuzi na wafanyabiashara, kwa hiyo kibarua, mchuuzi wa njiani na mwanamke anayeuza chakula nyumbani hawamo, au wamo kwa nadra. Pili, habari zilikusanywa muda kabla ya kitabu kutoka, na mtu aliyekwisha kuhama au kufa aliweza kubaki kitabuni. Tatu, mtu mwenye kazi mbili huenda aliandikwa chini ya moja tu. Katika vijiji vya Uingereza mhunzi aliweza kuwa pia muuza pombe. Hapa kwetu fundi cherehani wa mchana aliweza kuwa mwalimu wa chuo cha Kurani baada ya Alasiri, na karatasi ya serikali isimjue ila kwa cherehani.

Tofauti kubwa kati yetu na Norfolk ni kwamba hatuna uti wa mgongo wa aina ile. Kenya haikuwahesabu watu wake wote hadi sensa ya 1948, na vitabu vya orodha vya mwanzoni mwa karne ya 20, kikiwamo cha 1912 kilichohusu Afrika Mashariki ya Uingereza, Uganda na Zanzibar, viliwatazama zaidi Wazungu, makampuni na wafanyabiashara wakubwa. Vitumie, lakini usivifanye msingi. Msingi wetu uanzie ukutani.

Usome mlango kabla ya karatasi

Nenda kwenye mtaa wako asubuhi mapema, kabla ya saa mbili, maduka yakiwa bado yamefungwa. Wakati huo bidhaa hazijatundikwa nje, na uso wa nyumba unaonekana. Hili ni muhimu hasa katika Mtaa wa Biashara, ambako kanga na leso zinapokwisha kutandazwa huwezi tena kuona ukuta wala boriti. Chora mtaa mzima kwenye karatasi moja ndefu, upande wa kulia na wa kushoto, na kila mlango uupe namba yako mwenyewe. Usitegemee namba zilizobandikwa na wenye nyumba, kwa maana nyingine ni za juzi na nyingine ni za mita za umeme.

Kisha utazame kwa makini yale ambayo kazi ya zamani imeyaacha. Kizingiti kilicholika katikati kinaonyesha kwamba watu wengi waliingia ndani, ilhali duka ambalo mnunuzi alisimama nje na mwenye duka akakaa juu ya sakafu iliyoinuliwa huwa na kizingiti kizima na ukingo wa sakafu uliosuguliwa kwa mikono na viwiko. Ndoano ya chuma kwenye boriti, karibu na mlango, huenda ilishika mizani. Muulize mwenye nyumba kabla ya kuandika hivyo, kwa sababu taa ya karabai nayo ilihitaji ndoano. Ukibahatika kukuta mlango wa mbao za kuchomoa moja moja, angalia kama kila ubao una alama au mikato ya kuhesabia, na upige picha ya mpangilio wake wote. Mashubaka ya ndani, dari iliyofuka moshi, bomba la bati lililozibwa na tundu la mlango wa kati ulioziba kuelekea duka la pili, vyote ni ushahidi. Mlango wa kati ulioziba hasa una thamani, kwa kuwa mara nyingi unaeleza ndugu wawili au wabia wawili waliogawana duka.

Usisahau kutazama juu. Nyumba nyingi za Ndia Kuu na za Barabara ya Mbarak Hinawy zilikuwa na biashara chini na makazi ghorofani, na roshani yenye nakshi inaweza kukuambia kuwa mwenye nyumba alikuwa na uwezo, hata kama mpangaji wa chini alikuwa fundi bati. Jambo hili huwapoteza wengi. Uzuri wa jengo ni habari ya mwenye jengo, si ya mwenye duka.

Mwisho wa hatua hii, andika majina yote ya mtaa, ya sasa na ya zamani. Barabara ya Mbarak Hinawy iliwahi kuitwa kwa jina la Vasco da Gama, Barabara ya Digo ilikuwa Salim Road, na Moi Avenue ilikuwa Kilindini Road. Anayetafuta jina la sasa katika karatasi za 1925 hatapata kitu, kisha atadhani hakukuwa na kitu.

Karatasi na mahali zilipo

Ningeanza na Gazeti Rasmi la Serikali kabla ya nyaraka nyingine yoyote. Lilianza kutoka mwaka 1899, wakati makao ya utawala yalikuwa bado Mombasa, na matoleo mengi ya zamani yanasomeka kwenye intaneti bila malipo. Wengi hulidharau kwa kuwa wanalijua kwa uteuzi wa maafisa na sheria mpya, lakini kurasa zake za nyuma ndizo zenye uhai wa mitaa: matangazo ya mirathi yanayowataka wadai wa marehemu wajitokeze, matangazo ya kuvunjwa kwa ubia, ya watu waliotangazwa kuwa muflisi, na ya madai ya ardhi. Tangazo la mirathi la mistari mitano linaweza kukupa jina kamili la marehemu, kazi yake, mahali alipoishi, tarehe ya kifo na jina la msimamizi wa mali, ambaye mara nyingi ni mwana au ndugu aliyelirithi duka.

Kutafuta humo kunahitaji ujanja wa tahajia. Karani aliyeandika kwa Kiingereza aliyasikia majina kwa sikio lake, hivyo mtu mmoja huweza kuwa Abdulhussein, Abdul Husein na Abdool Hoosein katika miaka mitatu mfululizo. Waswahili na Waarabu wameandikwa kwa jina la mtu na la baba, bila ukoo, na mtaa mmoja unaweza kuwa na Ali bin Salim watatu. Ndiyo sababu ninasisitiza namba ya mlango: jina peke yake halimtambulishi mtu, bali jina likiambatana na mahali, kazi na mwaka. Majina ya ukoo yenye asili ya kazi, kama Soni, Mistry, Kapadia au Lokhandwala, nayo yachukuliwe kama dokezo tu. Yanaeleza kazi ya babu fulani wa Gujarat, na huenda mjukuu wake wa Mombasa hakuwahi kugusa dhahabu wala chuma.

Baada ya Gazeti Rasmi, fuata ardhi. Sheria ya 1908 iliwataka watu waliodai ardhi ya pwani wawasilishe madai yao ili yachunguzwe na kuandikishwa, na kumbukumbu za hatua hiyo zinaonyesha mipaka, majirani na historia ya umiliki. Hapa ukumbuke tena kwamba wenye maduka wengi walikuwa wapangaji. Hatimiliki itakupa jina la mwenye nyumba na itamficha mshona viatu aliyekaa chini kwa miaka 40. Kwa mpangaji, karatasi bora ni hesabu za kodi za pango, na kwa bahati njema maduka mengi ya Mji wa Kale yaliwekwa wakfu kwa ajili ya misikiti, maskini au kizazi cha mwenye kuweka wakfu. Tume ya Wakfu ilianzishwa kwa sheria ya 1900. Msimamizi wa wakfu, wa tume au wa familia, huwa na sababu ya kujua nani alilipa pango na nani alikawia. Omba ruhusa kwa barua, taja jengo moja na kipindi kimoja, wala usiombe kuona kila kitu.

Mahakama ya Kadhi ina kumbukumbu za mirathi ya Waislamu, na humo ndimo tunapopata kitu kinachokaribia zile hesabu za mali za Norfolk ya karne ya 17, ambapo majirani waliingia chumba baada ya chumba wakiandika vitu vya marehemu na thamani yake. Orodha ya mali ya mwenye duka aliyefariki, ikiwa imehifadhiwa, itakuonyesha majora ya vitambaa, madeni anayodai na anayodaiwa, na mizani. Kumbukumbu nyingine zimeandikwa kwa Kiarabu au kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mtafute mtu anayezisoma herufi za mkono, kwani kuzijua zile zilizopigwa chapa hakutoshi.

Idara ya Nyaraka za Taifa iko Nairobi, na ina kituo Mombasa. Faili za utawala wa mkoa na wilaya zina barua za malalamiko, maombi ya leseni na migogoro ya sokoni. Kwa kawaida faili hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo kwa kipindi cha kabla ya uhuru hutapata kizuizi kikubwa. Magazeti nayo yatazamwe kwa ajili ya matangazo: Mombasa ilikuwa na gazeti la Kiingereza la A. M. Jeevanjee mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui akatoa Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Katika tangazo la biashara uamini anwani, na sifa uziache.

Kuhusu picha na kadi za posta za zamani nitasema machache: zinafaa, ila tarehe ya muhuri si tarehe ya picha, kwa kuwa picha moja iliuzwa kwa miaka mingi.

Tarehe, fedha na vipimo

Sehemu hii huonekana kavu, lakini hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtaa mmoja wa Mombasa uliweza kutumia kalenda tatu. Hati za kadhi na za wakfu hutumia Hijria: mwaka 1332, kwa mfano, ulianza mwisho wa Novemba 1913 ukaisha katikati ya Novemba 1914, na kwa hiyo hati iliyoandikwa 1332 bila mwezi iwekwe kama 1913 au 1914, si kuchagua mmoja kwa kukisia. Vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wa Kigujarati, vile vya jalada jekundu vilivyofunguliwa upya wakati wa Diwali, hutumia mwaka wa Vikram, wa kalenda ya Kihindu. Kutoka Diwali hadi mwisho wa Desemba utoe 57, na kutoka Januari hadi Diwali inayofuata utoe 56. Hivyo mwaka wa Vikram 1970 ulianza baada ya Diwali ya 1913.

Fedha nazo zilibadilika. Rupia ndiyo iliyotumika hadi 1920, mwanzoni ikigawanywa kwa anna 16 na pesa 64, baadaye kwa senti 100. Ikafuata florini kwa muda mfupi, na shilingi ya Afrika Mashariki ikashika nafasi yake mwaka 1922. Deni lililoandikwa kwa rupia mwaka 1919 na kulipwa kwa shilingi mwaka 1923 lisiandikwe kana kwamba ni tarakimu za aina moja. Andika kiasi kama kilivyo katika hati, na ubadilishaji wako uuweke kando.

Vipimo vinasaidia kutambua kazi. Frasila, karibu kilo 16, ni ya wafanyabiashara wa jumla, wa pembe, gundi, karafuu au samli. Pishi na kibaba, ambapo vibaba vinne hufanya pishi moja, ni vya muuza nafaka rejareja. Jora na doti ni vya nguo. Na tola, isiyofika gramu 12, ni ya sonara. Ukikuta daftari lisilo na jina la mwenyewe, vipimo vyake vitakuambia lilitoka katika duka la aina gani.

Kuwauliza wazee

Karatasi ikikupa majina, mzee atakupa mpangilio. Usimwendee na fomu. Nenda baada ya Alasiri anapokaa barazani, toa salamu, uliza hali ya nyumbani, na kahawa ikipita unywe. Eleza wewe ni mtoto wa nani au umetumwa na nani, kwa maana Mombasa mtu huulizwa hilo kabla ya kuulizwa shahada. Simu ya kurekodi itolewe baada ya kuomba ruhusa, na ikikataliwa, mazungumzo yaandikwe kwa mkono baadaye. Kwa mabibi waliokaa ndani enzi hizo na kuujua mtaa kupitia dirishani na kwa watoto waliotumwa dukani, ni afadhali utangulizwe na mwanamke wa familia. Habari zao za bei, mikopo na tabia za wenye maduka huwa nyingi kuliko za wanaume.

Maswali yawe ya mahali, yasiwe ya historia. Ukimuuliza, “Ami, biashara ya zamani ilikuwaje?” atakujibu kwamba ilikuwa nzuri na watu walikuwa waaminifu, na hapo mazungumzo yatakwisha. Mwambie badala yake: “Ami, ukitoka msikitini ukashika mkono wa kulia, mlango wa kwanza alikaa nani?” Atafunga macho na kuanza kutembea. Mwache atembee mlango kwa mlango, wala usimkatize kwa tarehe. Akimaliza, rudi nyuma umuulize kila mtu aliitwaje na watu, na aliitwaje katika barua, kwa sababu fundi aliyejulikana mtaa mzima kwa lakabu yake hayumo katika Gazeti Rasmi kwa lakabu hiyo.

Tarehe zitafutwe kwa matukio. Muulize kama duka lilikuwapo kabla ya daraja la kwanza la Nyali la 1931 au baada yake. Kabla ya mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Januari 1947 au baada. Wakati wa uhuru wa 1963. Au kabla ya daraja jipya la Nyali la 1980. Kwa maduka ya karibu na Bandari ya Kale, uliza pia kuhusu misimu. Majahazi yalikuja na kaskazi na kuondoka na kusi, na kuna wauzaji waliofungua miezi ya majahazi peke yake. Gati za kina kirefu zilipoanza kutumika Kilindini mwaka 1926, mizigo mikubwa ilikuwa ikiielekea bandari mpya, na mafundi waliotegemea majahazi, wa kushona matanga na kutia kalafati (kuziba nyufa za mbao za chombo), walikuwa na sababu ya kuhama au kubadili kazi. Mzee anayesema “baba alihama huko akaja Majengo” huenda anakueleza jambo hilo bila kulitaja.

Mzee mmoja ni dokezo. Wazee wawili waliohojiwa mbalimbali, wakakubaliana, ni ushahidi. Wakitofautiana, andika kauli zote mbili. Mara nyingi wote wawili wana haki, kwa kuwa mlango mmoja uliweza kuwa na kinyozi asubuhi na muuza kahawa usiku.

Wasiokuwa na mlango

Njia ya mlango kwa mlango ina kasoro yake: inawaacha watu waliofanya kazi bila mlango, na katika mji wetu hao walikuwa wengi. Hamali waliobeba magunia kutoka Bandari ya Kale, wauza maji waliopita vichochoroni, wauza kahawa waliobeba dele na kugonganisha vikombe, wasukuma mikokoteni, wachuuzi wa madafu na wa samaki, dobi, washona kofia waliokaa kwenye baraza ya mtu mwingine, na kina mama waliopika mahamri na mbaazi alfajiri na kuwatuma watoto wauze. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kibao. Kwa hiyo kwenye ramani yako utie alama pia za baraza, kona, kisima na mti wa kivuli, na kila alama uipe namba kama ulivyoipa milango.

Majina makubwa hayahitaji msaada wetu. Alidina Visram, aliyefariki mwaka 1916 akiwa na maduka hadi bara, ameandikwa vya kutosha, na shule ya Mombasa ingali na jina lake. Nyumba za kanga zilizodumu, kama ile ya Kaderdina Hajee Essak inayojulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla na kuhesabu mwanzo wake mwaka 1887, zinajieleza zenyewe. Saa moja ya kumsikiliza binti wa hamali ina faida kubwa kuliko wiki ya kunakili habari za tajiri ambazo kila mtu anazo.

Kuna jambo moja la kuendea taratibu. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza mwaka 1907, na kabla ya hapo baadhi ya mafundi, waashi na wachukuzi wa mji walikuwa watumwa waliofanya kazi kwa ujira na kuwapelekea mabwana sehemu yake. Bila wao historia ya ufundi wa Mombasa ina tundu katikati. Hata hivyo usimwulize mtu asili ya babu yake ana kwa ana mbele ya majirani, wala usiandike asili ya familia iliyo hai kwa kusikia kwa jirani. Uliza kazi: nani alimfundisha, alimlipa nani, alipewa vyombo na nani. Mwenye kutaka kusema zaidi atasema mwenyewe, na asiyetaka aachwe.

Kuweka na kuandika

Kila mlango uwe na karatasi yake. Tuseme ni mlango wa 7. Juu andika mahali ulipo kwa maelezo, si kwa namba tu: upande wa bahari, wa tatu kutoka kona ya msikiti. Chini yake panga watu kwa mfuatano wa miaka, kila mmoja na kazi yake, na mbele ya kila sentensi uandike ilikotoka: Gazeti Rasmi la tarehe fulani, kauli ya mzee fulani, au jicho lako mwenyewe. Mahali pasipojulikana pabaki wazi. Pengo la miaka 8 kati ya sonara na muuza viatu lisijazwe na neno “huenda”, kwa maana msomaji wa pili atalifuta hilo “huenda” na wa tatu atalinakili kama kweli.

Baada ya hapo andika mtaa, si kamusi ya watu. Nani alimkopesha nani? Fundi bati alipata wapi bati, na sonara alimtegemea nani amletee wateja wa harusi? Kwa nini wauza nguo walisongamana pamoja na wauza nafaka wakatawanyika? Maswali haya hujibiwa pale tu karatasi za milango 20 zinapotandazwa sakafuni kwa wakati mmoja, na ningeshauri zitandazwe kweli, kwa mpangilio wa mtaa wenyewe, upande huu na upande ule.

Kabla ya kuchapisha, zirudishie familia sehemu zinazowahusu wazisome. Majina ya walio hai yatolewe kwa idhini yao tu, na habari za madeni, kufilisika na kesi zisiwafikie wajukuu kwa mara ya kwanza kupitia maandishi yako. Nakala moja ya kazi yote, pamoja na ramani na sauti ulizorekodi, ikabidhiwe maktaba ya Makumbusho ya Fort Jesus au kituo cha nyaraka, na nyingine ibaki msikitini au katika jamaa ya mtaa huo. Namba ulizowapa milango mwanzoni zisibadilishwe kamwe, hata nyumba ikibomolewa. Jengo jipya lipewe namba yake mpya, na karatasi ya lile la zamani iandikwe tarehe ya kubomolewa kwake.